Mashua ya mjomba imelala miaka mitano, injini haitaki kuwaka

Shikamoo Fundi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kilifi, na mpaka mwaka huu injini nilizijua kwa kupanda matatu tu. Marehemu mjomba wangu aliendesha mashua ya matanga ya Mzungu mmoja kwa miaka 18. Mwishoni mwa 2019 tajiri wake alirudi kwao, na kwa kuwa pesa za kiinua mgongo hazikuwepo, akamwachia mashua yenyewe. Mjomba akaifunga kwenye boya ndani ya hori, akasema ataitengeneza taratibu awe anatembeza wageni. Haikuwa riziki yake. Aliugua, akafariki, na mashua ikabaki pale pale. Mimi na binamu yangu tulikuwa tukienda na mtumbwi mara moja moja kutoa maji ya mvua na kusugua kinyesi cha ndege, basi.

Sasa tumeamua kuifufua kabla ya Kaskazi. Mwili wake ni wa faiba, futi 30, mzima. Matanga yana ukungu lakini hayakuchanika. Kilichotushinda ni injini. Kibao chake kinasema Yanmar 2GM20, silinda mbili, dizeli, inapozwa kwa maji ya bahari. Mjomba alikuwa akiisifu kwamba inawaka kabla hujamaliza kusema bismillahi.

Tulianza vizuri. Tulimwaga oili ya zamani, tukabadilisha chujio lake, tukatia oili mpya mpaka alama ya juu, tukanunua betri mpya ya gari dogo. Dizeli hatukuigusa, kwa sababu tangi lina kama lita 60 na kuzimwaga tuliona ni hasara.

Siku mbili za kwanza hakuna kilichotokea. Ukibonyeza kitufe, mara kimya, mara inalia "tak" moja na kunyamaza, mara ya nne au ya tano inazunguka, lakini kwa uzito, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Moshi hakuna. Siku ya tatu binamu akaja na kijana anayetengeneza matrekta, akafungua nati kwenye mabomba ya dizeli, akatoa upepo. Ikaanza kutoa moshi mweupe unaochoma macho. Tukapiga stata, tukapumzika, tukapiga tena, nadhani mara 30 na zaidi, ikawaka! Ikakohoa, ikatulia, ikanguruma dakika 20. Nililia, Fundi. Tukaizima, tukaiwasha hapo hapo, ikashika mara moja. Tulirudi nyumbani tukiimba.

Kesho yake asubuhi, ugonjwa ule ule. Wiki tatu sasa mtindo ni huo: asubuhi ni shughuli ya saa nzima, lazima tutoe upepo upya, lakini ikishapata moto inawaka bila taabu. Maji ya ekzosi yanatoka, ingawa kidogo kidogo. Oili ni nyeusi, haina ile rangi ya chai ya maziwa niliyoambiwa niiogope, na haijapungua. Tena juzi nilikuta imepita alama ya juu kwa upana wa kidole, nikasema afadhali izidi.

Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza aliisikiliza inavyozunguka, akasema kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda, imekwisha, injini ishushwe ifunguliwe, shilingi 85,000 kabla ya vipuri. Wa pili alicheka, akasema ninunue mkebe wa dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa, itawaka kila siku. Binamu naye amechoka. Anataka tuing'oe, tuuze chuma chakavu, tufunge mashine ya petroli ya nje. Nimsikilize nani?

Mpwa wa Nahodha, Kilifi

*

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu mjomba wako. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao watatu, na usipige stata tena mpaka umalize kusoma barua hii.

"Mara 30 na zaidi." Hapo ndipo niliposimama nikavua miwani. Pampu ya maji ya bahari kwenye injini hiyo inaendeshwa na injini yenyewe. Kila injini inapozunguka, iwake isiwake, pampu inavuta maji na kuyapeleka kwenye kasha la ekzosi, lile pipa la plastiki au raba lililolala chini, nyuma ya injini. Injini ikiwaka, moshi wake ndio unaoyasukuma maji yale nje. Isipowaka hayana wa kuyasukuma. Yanajaa kasha, yanapanda bombani, na mwisho yanaingia kwenye silinda kwa kupitia valvu ya kutolea moshi. Na maji hayabanwi. Pistoni ikipanda ikayakuta, kinachopinda ni konrodi, ile fimbo inayobeba pistoni. Nikiwa na miaka 22 nilipinda moja kwa njia hiyo hiyo, Shimoni, kwenye boti ya mtu aliyeniamini. Hakukuwa na kishindo. Ilisema "guu", basi, ikanyamaza. Nililipa kwa mshahara wa miezi saba.

Basi, kabla ya jambo lolote, fungua kizibo kilicho chini ya kasha la ekzosi umwage maji yake. Kisha tazama juu ya injini, utaona vishikio viwili vidogo, kimoja kwa kila silinda. Kazi yake ni kuachia kompresheni. Viinue vyote viwili, halafu uizungushe injini kwa mkono, kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, upande ule ule inaozungukia siku zote, duru mbili kamili. Ikizunguka laini, shukuru. Ikigota, usiilazimishe hata kidogo. Hapo nozeli, vile vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda, zitolewe kwanza ili maji yapate pa kutokea.

Na kuanzia leo, kila jaribio la kuwasha, koki ya maji ya bahari iwe imefungwa. Binamu akae nayo, mkono juu ya mpini, na injini ikishika tu aifungue hapo hapo. Impela ya raba, lile gurudumu la mbawa ndani ya pampu ya maji, inavumilia sekunde chache za ukavu, dakika haivumilii. Mimi hufunga kitambaa chekundu kwenye mpini wa gia kila koki inapokuwa imefungwa, maana furaha ya injini kuwaka husahaulisha watu wazima. Stata nayo usiishikilie zaidi ya sekunde 10. Ipumzishe dakika nzima ndipo uirudie, la sivyo utaiunguza, na mota ya stata ya injini hiyo haiokotwi njiani.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoiandika kama jambo la kupita. Mlitia oili mpya mpaka alama ya juu. Wiki tatu baadaye imepita alama kwa upana wa kidole. Mwanangu, oili haizaliani. Injini huila, haiizai. Ikiongezeka, kuna kitu kimeingia, na vya kuingia ni viwili tu: maji au dizeli. Chomoa kijiti cha kupimia, kinuse. Kisha dondosha tone moja kwenye karatasi ya shashi uliache usiku kucha. Oili safi hubaki doa moja lenye ukingo mmoja, yenye dizeli hutandaza duara jepesi la pili nje ya lile jeusi. Kwa ajili ya maji, chovya mrija mpaka chini kabisa ya karata, lile bakuli la oili chini ya injini, uvute kidogo, kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili na yanaweza kulala chini bila kuigeuza rangi kama injini haijazunguka vya kutosha. Usitegemee rangi ya chai ya maziwa peke yake.

Nikiweka dau, naweka dizeli, na mwizi wake namshuku. Ubavuni mwa injini kuna pampu ndogo ya kuvuta dizeli kutoka tangini, ile yenye kishikio kidogo cha kusukuma kwa kidole ambacho bila shaka kijana wa matrekta alikitumia. Ndani yake kuna ngozi ya raba inayopanda na kushuka. Raba iliyokaa miaka mitano bila kazi hukakamaa, na ukiianzisha ghafla hupasuka. Ikipasuka inafanya maovu mawili kwa pamoja. Dizeli inapenya chini kwenye oili, na ile iliyokuwa imejaa kwenye chujio inashuka usiku, upepo unachukua nafasi yake. Ndiyo maana kila asubuhi mnaanza upya. Injini inapokuwa ya moto mabomba bado yamejaa, kwa hiyo inawaka. Hata yule kijana hakukosea kutoa upepo. Ila kuutoa kila siku bila kuuliza unaingilia wapi ni kazi ya kufuta sakafu huku bomba likivuja.

Mpaka ulihakikishe hilo, usiiendeshe. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, hailindi beringi. Tena ikizidi sana, injini inaweza kuanza kuinywa yenyewe kupitia njia ya hewa na kukimbia kwa kasi isiyozimika hata ukivuta waya wa kuzimia. Nimeona mara moja. Watu wazima waliruka majini. Pampu ile hununuliwa nzima, nyepesi kubeba, na hufungwa kwa boliti mbili. Ukishaibadilisha, mwaga oili yote na chujio lake, tia nyingine.

Tuje kwenye uzito wa kuzunguka. Nikwambie kwanza injini hii inavyowaka, kwa sababu ukilielewa hilo hutadanganywa na fundi yeyote. Dizeli haina plagi ya cheche, na hii ya kwako haina hata zile plagi za kupashia joto zilizoko kwenye magari. Moto wake wote unatokana na kuibana hewa. Pistoni inaibana mara 20 na zaidi, inapata joto la digrii 500 na kupita, nozeli inapuliza dizeli, inawaka. Lakini hewa inapaswa kubanwa upesi. Ukiibana polepole, joto linakimbilia kwenye chuma cha silinda na hewa inavujia kwenye ringi za pistoni. Dizeli inaingia, inakuwa mvuke tu, inatoka nje kwenye ekzosi. Huo ndio moshi wenu mweupe unaochoma macho. Ungekuwa wa maji ungepotea hewani upesi na usingewaliza. Maana yake dizeli inafika, joto halitoshi.

Kwa hiyo fundi wako wa kwanza alisikia kweli inazunguka vibaya, lakini alirukia mwisho wa kitabu. Injini inayozungushwa kivivu haiwezi kuonyesha kompresheni yake hata kama ni mpya kutoka kiwandani. Na hiyo "tak" pamoja na kimya chake, kompresheni haihusiki nayo kabisa. Hiyo ni habari ya umeme.

Betri ya gari dogo ni kosa la kawaida. Tafuta ya 70Ah au zaidi. Lakini usiinunue kesho, kwanza azima mita ya volti. Betri iliyojaa na kutulia isome 12.6 hivi. Mtu abonyeze kitufe injini ikiwa inazunguka: ikishuka chini ya 10, betri ni dhaifu au ndogo. Ikibaki juu na bado stata inajikokota, umeme unapotelea njiani. Weka waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya betri na mwingine kwenye ncha ya pili ya kebo ile ile, upande wa stata, mtu abonyeze. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kebo hiyo au viungo vyake vina kutu. Fanya hivyo kwa kebo chanya, kisha kwa hasi mpaka kwenye mwili wa injini. Kebo hasi ndiyo inayosahaulika kila siku, na ndiyo inayooza zaidi, maana imefungwa chini karibu na ngama. Usikubali kuambiwa "imekazwa". Ifunguliwe, ikwanguliwe mpaka shaba ing'are, ipakwe grisi, ifungwe.

Ile "tak" ya mara moja moja ni ugonjwa wa ukoo kwa Yanmar za aina hiyo. Waya mwembamba unatoka kwenye injini, unapanda mpaka kwenye swichi karibu na usukani, unarudi tena chini mpaka kwenye solenoidi ya stata, ile swichi ya sumaku inayoiamsha, mita kadhaa, ukipita kwenye soketi za plastiki ambazo chumvi ya miaka mitano imezigeuza kijani. Volti zinazofika haziwezi kuisukuma solenoidi. Safisha soketi zote, na kama "tak" haikuondoka, mwambie fundi umeme afunge relei, swichi ndogo inayowashwa kwa umeme, karibu na stata, ili ule waya mwembamba ubebe amri tu na waya mnene ubebe mzigo. Ni kazi ya asubuhi moja. Mashua nyingi zimeng'olewa stata bure kwa kukosa relei ya bei ya chakula cha mchana.

Kuhusu dizeli nitakuwa mkali kidogo. Kuhifadhi lita 60 za miaka mitano si kubana matumizi. Maji ya jasho la tangi yamekaa chini yake, na kati ya maji na dizeli vimelea vimezaa kamasi jeusi linaloziba kila kitu. Itolewe yote, tangi lioshwe, na tafadhali isimwagwe horini, mikoko haikukukosea. Iweke kwenye mapipa yaliyofungwa, umpe anayekusanya oili chafu.

Lakini kabla hujaingia kwenye kazi ya tangi, kuna jaribio moja rahisi ninalolipenda kuliko yote. Chukua dumu la lita 5 la dizeli mpya, chovya ndani yake mpira safi, uunganishe moja kwa moja kwenye pampu mpya ya kuvutia, bila tangi na bila mabomba ya zamani. Funga vichujio vipya. Toa upepo kwa utaratibu: kwanza kizibo cha juu ya chujio la injini, ukisukuma kile kishikio mpaka mapovu yaishe, kisha skrubu ya kwenye pampu kubwa ya nozeli, mwisho legeza nati za mabomba pale yanapoingia kwenye nozeli, mafuta yafunguliwe wazi, mtu apige stata mpaka dizeli itoke kwa mapigo bila povu, ukaze. Kishikio kikiwa kimelegea hakisukumi kitu, usikivunje. Kinachokisukuma ndani kimekaa juu, izungushe injini duru moja kitarudi kufanya kazi. Na usiweke kiganja mbele ya nozeli inayopuliza. Dizeli ile inatoboa ngozi na kuingia kwenye damu, na hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Dumu likae usawa wa tangi, si juu. Watu hulining'iniza juu ili dizeli ishuke yenyewe, injini inawaka, wanashangilia, kumbe wameuficha ule upepo waliokuwa wakiutafuta. Liache siku tatu, uwashe kila asubuhi. Ikiwaka vizuri siku zote tatu, ubaya ulikuwa kwenye pampu na vichujio vya zamani, au uko tangini au kwenye mabomba yake, badilisha mabomba yote ya mpira na vibanio vyake bila kubagua. Ikiendelea kusumbua, basi angalau umejua hautafuti tena nyuma ya mashua.

Kitu kidogo kilichonishtua zaidi kuliko vikubwa: waya wa kuzimia. Siku mbili zenu za kwanza bila moshi hata chembe, nashuku kuwa zilikuwa za waya huo. Kitasa unachovuta kuzima injini kimeunganishwa kwenye kishikio pembeni mwa pampu ya nozeli. Baada ya miaka, waya hukwama kwa kutu. Juu unarudisha kitasa, kule chini kishikio kimebaki kwenye "zima". Unaweza kupiga stata mpaka Idi. Kifuate kwa macho, mtu akisukuma kitasa, uone kama kishikio kweli kinarudi. Na wakati wa kuwasha, mpini wa mafuta uwe nusu au zaidi, gia ikiwa huru.

Hayo yote yakishafanyika, na stata inazunguka kwa nguvu, na dizeli ni safi, ndipo neno kompresheni liruhusiwe kutajwa. Nalo lina kipimo cha bure. Siku injini ni baridi na inakataa, fungua njia ya hewa, tia kijiko kimoja cha chai cha oili safi kwa kila silinda, kisizidi, inua vishikio, izungushe kidogo ili oili isambae, kisha washa kama kawaida. Ikishika mara moja, ringi zinavujisha na oili imeziba pengo kwa muda. Hata hapo usikimbilie kuifungua. Ringi zilizoganda kwa kukaa mara nyingi huachia injini ikifanya kazi ya kweli, saa kadhaa mashua ikisukuma maji kwa mzigo, si kunguruma bure kwenye boya. Na mwambie fundi apime nafasi za valvu injini ikiwa baridi, ziwe milimita 0.2. Kama baada ya yote hayo bado inataka kijiko cha oili kila asubuhi, mrudie yule wa 85,000 na umuombe radhi kwa niaba yangu. Nakukumbusha tu kuwa kuwaka upesi ikiwa ya moto si ushahidi wa kuiokoa. Injini yenye ringi mbovu nayo hufanya hivyo hivyo. Ndiyo maana sikukuambia kwa uhakika kuwa fundi amekosea.

Yule wa dawa ya kupuliza amekosea. Dawa ile inawaka kabla pistoni haijafika juu na kuipiga kichwani ikiwa bado inapanda. Inaweza kuvunja ringi na kupasua pistoni. Kwa trekta la mtu sitasema neno. Kwa injini ya kuingia nayo kwenye mlango wa hori upepo ukiwa usoni, hapana.

Maji ya ekzosi "kidogo kidogo" hayanipendezi pia. Impela ya miaka mitano imelala imekunja mbawa zake. Ibadilishe, na kama mbawa zimekatika, vipande vitafutwe kwenye mabomba mpaka idadi itimie. Kwa kuwa inapozwa na maji ya bahari moja kwa moja, kuna kipande cha zinki kimefungwa ubavuni mwa bloku ili kiliwe na chumvi badala ya chuma. Baada ya miaka mitano hutakikuta. Weka kingine.

Binamu yako mwambie asubiri mwezi mmoja. Mashine ya petroli ya nje kwenye mashua ya futi 30 hunyanyuka juu ya maji kila wimbi linapoinua shetri, inazunguka hewani, wakati ndio unaoihitaji. Na petroli ndani ya mwili wa mashua uliofungwa mimi siilali nayo.

Kesho usiende na spana. Nenda na karatasi ya shashi tu, udondoshe lile tone, ulitazame asubuhi. Likiwa na duara mbili, niandikie namba iliyopigwa kwenye mwili wa ile pampu ndogo, nikuelekeze ya kununua.